Uso Hudanganya: Niliyojifunza Kando ya Uwanja

Mchezaji akivunjika mguu, uwanja mzima unajua. Mguu umepinda, yowe limesikika, machela imeitwa. Akivunjika uso mambo ni mengine kabisa: anainuka, anapangusa damu kwa jezi, anasema yuko fiti, na kocha ambaye hana sabu wa kumwingiza anamwamini. Mimi nilicheza beki wa kati kwenye ligi za mchangani Temeke mpaka shavu langu la kushoto lilipovunjwa na kichwa cha mshambuliaji tuliyeruka naye kugombea kona. Tangu nitundike viatu mimi ndiye ninayebeba begi la dawa la timu ya vijana ya mtaani kwetu. Si daktari. Nimefundishwa huduma ya kwanza, nimekaa sana na wachezaji kwenye mabenchi ya hospitali, na nimewauliza madaktari maswali mpaka wengine wakinikuta kwenye korido wanacheka. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Pumzi kwanza, damu baadaye

Uso una damu nyingi. Mpasuko mdogo kwenye nyusi hulowesha jezi nzima, na watu wote hukimbilia hapo na vitambaa wakati hatari iko kwingine. Nikifika kwa aliyegongwa uso, kwanza nasikiliza anavyopumua, kisha namfanya aongee. Akinijibu sentensi nzima, njia ya hewa iko wazi. Akikoroma au kugugumia, naangalia mdomoni: damu, jino lililong'oka, kinga ya meno iliyohama.

Taya la chini likivunjika pande zote mbili, kipande cha mbele kinachoushikilia ulimi hulegea na kurudi nyuma. Ukimlaza mtu huyo chali, ulimi wake mwenyewe unaweza kumziba koo. Ndiyo maana hukataa kulala. Nimewahi kuwakuta watu wazima wamemkandamiza kijana chini ili "atulie", naye anapigana nao akae. Alikuwa anajua kuliko wao. Mwenye fahamu zake, asiyelalamika shingo, muache akae na kuinama mbele, damu itoke nje. Asiye na fahamu alazwe ubavu, na mtu mmoja amshike kichwa na shingo visizunguke.

Damu ya pua nayo ina mila zake: kichwa huinuliwa juu, maji yanamwagwa utosini. Matokeo yake damu yote inaingia tumboni na baada ya muda anaitapika, hapo ndipo mama mtu anapozimia. Ainame mbele, abane ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa, dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Lakini yakionekana maji maangavu yanachuruzika puani baada ya pigo zito, sizibi chochote. Yanaweza kuwa maji yanayouzunguka ubongo, yanavuja kupitia ufa wa fuvu, na huyo ni wa hospitali sasa hivi.

2. Uvimbe huficha kuliko unavyoonyesha

Siku nilipoumia, wenzangu waliofika mwanzo waliona bonde pale shavu lilipokuwa. Mpaka naketi mbele ya mhudumu, bonde limejaa. Uvimbe ulikuwa umelisawazisha shavu, tena likaonekana nene kuliko la upande wa pili. Nilipewa dawa ya maumivu, nikaambiwa nimevimba tu, uvimbe ukiisha nitakuwa sawa. Wala simlaumu sana; kwa macho ndivyo ilivyokuwa.

Kilichonitia wasiwasi hakikuwa maumivu, kwa sababu shavu lililovunjika halikuuma kama nilivyodhani. Ilikuwa ganzi. Mdomo wa juu upande wa kushoto, ubavu wa pua na meno ya juu upande huohuo havikuwa na habari, sawa na mtu aliyetoka kuchomwa sindano ya kung'oa jino. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye mfupa chini ya jicho na kutokea kwenye tundu dogo shavuni. Mfupa wa shavu ukivunjika mara nyingi hupasukia njia hiyohiyo na kuubana. Halafu mdomo ulikuwa haufunguki vizuri, maana kipande kilichoingia ndani kilikuwa kinazuia taya lisicheze.

Daktari bingwa niliyemwona baadaye hakuanza na picha. Alisimama nyuma yangu, akaniinamisha kichwa nyuma, akaweka vidole vyake viwili vya shahada chini ya macho yangu, kimoja kila upande, akavitelezesha taratibu kwenye ukingo wa mfupa kuelekea masikioni. Kidole cha kulia kikaenda sawasawa. Cha kushoto kikafika mahali kikazama. "Hapa," akasema, na hapo nikasikia na mimi. Siti skani ilikuja kuthibitisha tu.

Upasuaji wenyewe ulinishangaza kwa udogo. Hawakunichana uso. Walipitia ndani ya nywele, juu ya sikio, wakaingiza chuma chembamba chini ya utando unaofunika msuli wa kutafunia, kikashuka hadi nyuma ya mfupa wa shavu, wakaunyanyua ukarudi mahali pake. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1927 na Harold Gillies na wenzake. Ni yuleyule daktari mzaliwa wa New Zealand aliyewatengeneza nyuso askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Uingereza. Wengine mfupa wao haukai wenyewe, huhitaji vibati na skrubu ndogo za titani. Ganzi yangu ilikwisha polepole sana, na kipande kidogo pembeni ya pua hakijawahi kurudi sawasawa. Kinyozi wangu ndiye pekee anayelijua kovu.

Jambo moja kila mwenye jeraha la shavu au la jicho huambiwa na hulisahau: usipenge kamasi. Nyuma ya mfupa huo kuna uwazi wenye hewa unaowasiliana na pua. Ukipenga kwa nguvu, hewa hupenya kwenye ufa na kuingia chini ya ngozi, jicho likafumba ghafla kwa uvimbe. Ukibonyeza unasikia vitu vinapasukapasuka chini ya kidole. Kijana wetu mmoja alipenga usiku nyumbani na familia nzima ikadhani karogwa. Chafya nayo itoke kwa mdomo wazi, adabu baadaye.

3. Muulize meno yake yanakutanaje

Swali bora kwa mtu aliyepigwa taya halihitaji vifaa: "Ukiuma, meno yanakutana kama kawaida?" Mtu anayajua meno yake. Hata kama mfupa umehama kidogo tu, atakwambia upande mmoja unatangulia kugusa au katikati pamebaki wazi. Jibu hilo nalithamini kuliko ukubwa wa uvimbe. La pili, begini mwangu mna vijiti vya mbao, vile vipana vya kuchunguzia koo. Namwambia aume kijiti kwa upande mmoja, nakizungusha taratibu. Mwenye taya zima hukishikilia mpaka kivunjike, mwenye taya lililovunjika hukiachia mapema kwa maumivu. Kisha upande wa pili.

Pande zote mbili ni lazima, kwa kuwa taya la chini limepinda na kushikiliwa na fuvu huku na huku, na mara nyingi huvunjika mahali pawili kwa pigo moja. Ngumi ya kidevuni inaweza kuvunja mbele ya sikio, kwenye shingo nyembamba ya mfupa, mahali ambapo hakuna aliyegusa.

Wanaodhani taya lililovunjika humwangusha mtu palepale wamkumbuke Muhammad Ali. Tarehe 31 Machi 1973, San Diego, Ken Norton alimvunja taya, na Ali akaendelea mpaka raundi ya 12 iliyo ya mwisho na kupoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika. Watu bado wanabishana ni raundi ya ngapi taya lilikwenda. Septemba mwaka uleule alirudiana na Norton akashinda, na mwaka uliofuata akaenda Kinshasa kwa George Foreman. Hadithi hiyo wanaipenda sana vijana wangu, nami naisimulia kwa kusitasita, kwa sababu wanachokisikia wao ni kwamba unaweza kuendelea.

Kinachofuata hospitalini hawakisikii. Meno ya juu hufungwa na ya chini kwa waya, kwa kawaida wiki nne hadi sita, isipokuwa wale wanaowekewa vibati wakaachiwa mapema. Uji, mtori uliochujwa, maziwa, supu, juisi, vyote kwa mrija. Kiungo wetu mmoja alitoka humo suruali haikai kiunoni. Na mkasi wa kukatia waya hukaa naye muda wote, kitandani na kwenye daladala, ili akitapika wakate haraka asije akasongwa. Mama yake aliufunga kwa kamba akamvisha shingoni, kijana akaona aibu kwelikweli.

Taya la juu nalo linaweza kung'oka lote na kucheza ukilishika kwa meno ya mbele. Mfaransa René Le Fort alizieleza njia ambazo nyufa zake hupitia mwaka 1901, baada ya kupiga vichwa vya maiti kwa makusudi, na jina lake madaktari wanalitaja mpaka leo. Jeraha hilo mpirani sijaliona. Linahitaji nguvu kubwa, na kwetu nguvu hiyo iko barabarani: kwenye wodi nilizokaa, waliovunjika uso kwa bodaboda waliwazidi wanamichezo kwa mbali.

4. Pua ina saa mbili, na zote zinatembea

Pua ndiyo huvunjika kuliko mifupa mingine ya uso, na ndiyo hudharauliwa kuliko yote. Iliyopinda haiui mtu, hilo ni kweli. Ila saa ya kwanza ni ya siku ileile. Namulika tochi ndani ya pua, kila tundu, naangalia ukuta wa katikati. Ukiwa umetuna upande mmoja au zote mbili, laini, wa rangi ya zambarau, damu imekusanyika kati ya gegedu na ngozi yake. Gegedu halina damu yake lenyewe, hulishwa na ngozi hiyo. Likitenganishwa nayo huanza kufa ndani ya siku chache, na usaha ukiingia ni mapema zaidi. Baadaye mgongo wa pua unadidimia. Damu hiyo lazima itolewe na daktari haraka. Naangalia tena kesho yake, kwa sababu huweza kujikusanya baadaye.

Saa ya pili ni ya kunyoosha. Kuna dirisha baada ya uvimbe kupungua na kabla mfupa haujashika, kwa mtu mzima wiki moja hadi mbili, kwa mtoto mapema zaidi. Ukilikosa, kinachobaki ni upasuaji mkubwa na ghali. Mtu akija na pua iliyovimba namwambia aende na picha yake ya zamani, daktari apate kulinganisha. Picha ya kitambulisho cha NIDA haijawahi kumpendeza mtu, lakini pua inaonekana vizuri. Kuna kijana alinyooshewa pua yake kwa ustadi kabisa kumbe ilizaliwa imepinda.

Wazee wa kukanda viungo nawaheshimu kwa vifundo vya miguu. Pua wasiiguse.

Kylian Mbappé wa Ufaransa alivunjika pua kwenye mashindano ya Euro tarehe 17 Juni 2024 huko Düsseldorf, aliporuka kichwa akakutana na bega la Kevin Danso wa Austria. Hakufanyiwa upasuaji. Alikosa mechi na Uholanzi, akarudi dhidi ya Poland amevaa barakoa. Ile ya kwanza, yenye rangi za bendera ya Ufaransa, aliishia kuivalia mazoezini tu, kwa kuwa kanuni za mashindano zinataka rangi moja. Alilalamika kwamba inamzuia kuona, na kwenye nusu fainali na Hispania tarehe 9 Julai aliivua akacheza uso mtupu.

5. Mtoto anayetapika na jicho lake ni jeupe

Kama ningeruhusiwa kuwafundisha makocha wa watoto kitu kimoja tu, kingekuwa hiki.

Mtoto wa miaka kama kumi na miwili alipigwa goti la jicho mazoezini. Hakuvuja damu. Jicho halikuwa jekundu wala kuvimba, na kwa mtu anayepita alikuwa hana kitu. Baada ya muda akaanza kutapika na kutaka kulala. Mmoja akasema jua, mwingine akasema ana malaria, mwingine chipsi za jana. Nilimwekea kidole mbele ya uso nikamwambia akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Kushoto, kulia, sawa. Juu, jicho moja likapanda na lile lililopigwa likabaki palepale, naye akashika tumbo akatapika tena.

Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba kuliko unavyodhani. Kwa mtu mzima huvunjika ikabaki wazi. Mfupa wa mtoto bado una unyumbufu: hufunguka, kisha hujirudishia, na ukijirudishia unaubana msuli unaoliongoza jicho. Kuvutwa kwa msuli huo ndiko kunakoleta kichefuchefu na kuyapunguza kasi mapigo ya moyo. Msuli uliobanwa hukosa damu. Ukiachwa siku kadhaa unakufa na kugeuka kovu, na mtoto atabaki anaona viwili viwili kila akitazama juu, hata kama mfupa utatengenezwa baadaye. Kwa hiyo upasuaji hutakiwa ndani ya siku moja au mbili, na dalili za nje hazikusaidii kufika huko.

Kutapika baada ya pigo la kichwa kunaweza pia kumaanisha ubongo umetikisika au kuna damu inavuja ndani. Sihitaji kujua ni lipi. Yote mawili yanaelekea mlango mmoja wa hospitali, na hayangoji kesho. Hata mtu mzima aliyevunjika mfupa wa uso nachukulia ubongo wake nao umepigwa. Mechi yake imekwisha siku hiyo. Watunga sheria za soka nao, baada ya majaribio yaliyoanza 2021, waliiweka kwenye sheria za msimu wa 2024/25 nafasi ya sabu ya ziada kwa anayeshukiwa kutikisika ubongo, mashindano yakitaka kuitumia.

6. Barakoa haiungi mfupa

Victor Osimhen aligongana na Milan Škriniar Novemba 2021, Napoli ikicheza na Inter, akavunjika shavu na tundu la jicho upande wa kushoto. Akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani Januari 2022 na barakoa nyeusi, na akaendelea kuivaa. Aliivaa akiwa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 26 msimu wa 2022/23, Napoli ilipochukua ubingwa. Son Heung-min naye aligongana na Chancel Mbemba, Mkongomani aliyekuwa Marseille, Novemba 2022, akavunjika kuzunguka jicho la kushoto, na wiki chache baadaye alikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia akiwa amefunikwa uso.

Vijana wanaona hayo na wanataka barakoa siku ya pili. Nawaeleza inavyofanya kazi: imetengenezwa kwa kipimo cha uso wa mtu mmoja, inaegemea paji la uso na shavu zima, na palipovunjika pameachwa nafasi pasiguswe. Pigo likija linapelekwa kwenye mifupa mizima. Ile ya plastiki ya kununua dukani, ya saizi ya kila mtu, inaweza kuegemea palepale palipovunjika, na hapo umejiwekea nyundo usoni. Sheria ya 4 ya soka inaruhusu kinga za uso zilizo laini na nyepesi, lakini refa akikagua na kuridhika hajakwambia kwamba mfupa umepona. Wengi niliowaona waliambiwa wangoje kama wiki sita kabla ya kugombea mpira wa juu. Wenye klabu kubwa hurudi mapema kwa sababu wana fundi wa barakoa, daktari pembeni na siti skani ya marudio. Sisi tuna mimi.

7. Wa kumtafuta ni daktari wa meno

Hili huwashangaza watu kila siku. Mifupa ya uso hutengenezwa hasa na mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, ambao hapa kwetu huanzia udaktari wa meno. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha ubingwa huo. Mchezaji akipelekwa hospitali ya wilaya, ulizia kitengo cha kinywa na meno, waombe rufaa mapema. Nimeona mtu anazungushwa kwenye kliniki ya mifupa, siku zinakatika, na dirisha lake linafungwa.

8. Kiwiko na jino

Kabla ya Kombe la Dunia la 2006 waamuzi walipewa maelekezo ya kumtoa kwa kadi nyekundu anayempiga mwenzake kiwiko cha kichwa kwa makusudi. Mchangani kiwiko bado kinaitwa "uzoefu". Mimi nawafundisha mabeki wangu kuruka mikono ikiwa imekunjwa chini ya mabega, macho kwenye mpira, na nimewaomba wavae kinga ya meno. Hailindi shavu, lakini meno inayalinda, na jino la kudumu likitoka tunakuwa na kama nusu saa nzuri ya kuliokoa: lishikwe kwenye kichwa chake, mzizi usisuguliwe, lioshwe kidogo, lirudishwe kwenye tundu lake au litiwe kwenye maziwa mpaka kwa daktari. La utoto halirudishwi.

Winga wetu alipopoteza la mbele, timu zote mbili zilisimamisha mechi zikapekua mchanga kwa vidole mpaka likapatikana karibu na kibendera cha kona. Nikatuma mtoto dukani akalete pakiti ya maziwa. Muuza duka akamuuliza anataka ya baridi au ya kawaida, na mtoto, bila kujua, akachagua sawasawa: ya baridi.